Msimu Nilioutazama kwa Niaba ya Mzee

Watu wakiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani Diani, huwajibu kwamba nilimtunza mzee mmoja. Hapo huridhika. Nikieleza ukweli, kwamba kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya runinga na kumsimulia mzungu asiyeona vizuri namna vijana wa Ulaya wanavyoruka kutoka mlima wa theluji wakiwa na mbao miguuni, watu hucheka. Na mimi sina hamu ya kuchekwa kwa jambo lile.

Mzee alikuwa Mnorwei. Alikuja Diani zamani kwa likizo, akarudi mwaka uliofuata na uliofuata, hata mkewe alipofariki akaona hana sababu ya kukaa kwenye baridi. Alijenga nyumba ndogo nyuma ya ile barabara ya mahoteli, akajifunza Kiswahili kwa vitabu, akawa anasema "tafadhali" hata kwa paka. Ujanani mwake aliruka yeye mwenyewe. Goti likaharibika, wakamfanya jaji, na kazi hiyo aliifanya miaka mingi. Kisha macho nayo yakaharibika. Palikuwa na doa jeusi katikati ya kila alichokitazama, akawa anaona pembeni tu. Akitaka kukuona uso wako, alikuwa anatazama sikio lako.

Mimi nilikuwa nimetoka katika hoteli iliyofungwa, nilikokuwa nikitandika vitanda. Jirani yake alinipeleka kwake kufua na kupiga pasi. Siku ya tatu aliniita sebuleni. Runinga ilikuwa kubwa kuliko dirisha.

"Dada," aliniambia, "unaona nini?"

Nikamwambia ninamwona mtu mwembamba aliyevaa nguo ya kubana, amekalia bomba juu ya mteremko ambao hata mbuzi angeukataa, na kwa maoni yangu mtu huyo hana akili. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo, kufua akapewa mtu mwingine.

Mwezi mzima wa Oktoba alinifundisha kwa michezo ya zamani aliyokuwa ameihifadhi. Nilijifunza kwamba mruko hautazamwi kwa urefu wake peke yake. Wapo majaji watano, kila mmoja ana alama ishirini, na wanapunguza nusu nusu: mbao zikiyumba hewani, nusu, mgongo ukiinuka kabla ya kutua, nusu, mikono ikipapatika, nusu. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinabaki tatu. Na kutua ndiko kunakomaliza kesi. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, mikono imetandazwa. Asiyetua hivyo, hata akiruka mpaka mji wa pili, anakatwa alama.

Lililonishinda mwanzoni halikuwa hayo. Siku moja kijana alianguka vibaya, akabingirika na mbao zake mpaka chini, watu wakamjia na machela. Mzee akauliza, "Ametua vipi?" Nikamwambia, "Ameteleza kidogo, masikini, lakini atakuwa hajambo."

Mzee aliitegea runinga sikio. Kisha akasema, "Nimesikia watu wamenyamaza uwanja mzima. Ameanguka. Kichwa au bega?"

"Bega, mzee."

"Basi sema bega. Mimi si mtoto. Usinipe pole, dada. Nipe mita."

Lazima nieleze, maana si kwamba nilikuwa mwongo. Kwetu Jego habari mbaya haimwagwi usoni mwa mtu. Inapunguzwa. Mtu akiwa mahututi, jamaa zake walio mbali wanaambiwa hajisikii vizuri. Akifa, wanaambiwa anaumwa kidogo, na wakipata nafasi waje. Na aliyeambiwa naye anajua la kufanya. Haulizi maswali. Anafunga kanga yake, anatoka, na njiani anaongeza mwenyewe kile kilichopunguzwa, kidogo kidogo, ili akifika mlangoni awe amekwisha kujua na miguu yake inaweza kumbeba. Hakuna anayefundishwa. Nilipokuwa msichana mdogo, baba yangu aliletewa habari kwamba ndugu yake wa Vanga ana kikohozi. Alikwenda moja kwa moja kabatini akatoa kanzu nyeupe.

Mimi hayo yote niliyajua. Kisha nikajifundisha kuyasahau, tena kwa bidii.

Msimu ulianza mwishoni mwa Novemba, kwenye nchi ambazo sasa ninazijua kwa milima yake tu. Kila Jumamosi na Jumapili, na mara nyingine Ijumaa, tulikaa, mzee kwenye kiti chake na mimi kwenye stuli karibu na kioo. Nilisema: "Ametoka. Mwili umelala vizuri. Mbao zimefunguka sawa. Ubao wa kulia umecheza. Anashuka. Mguu wa kushoto mbele, amechelewa kuutoa. Mita mia na ishirini na saba na nusu." Mzee alifumba macho, akatoa alama yake kwa sauti, kisha tukangoja za wale majaji watano. Zikilingana na yake alipiga paja kwa furaha.

Baada ya mwaka mpya nikaanza kutoa alama zangu mwenyewe, kwanza moyoni, kisha kwa sauti. Ilipofika Februari nilikuwa sipishani na majaji wa kweli isipokuwa kwa nusu, na siku nyingine nilikuwa nao sawasawa. Mzee alinigeuzia uso, akatazama sikio langu, akasema, "Ungezaliwa kwetu, ungekuwa jaji. Una jicho lisilokuwa na huruma."

Nimewahi kusifiwa chapati. Nimewahi kusifiwa vitanda, kwamba shuka ninazivuta zikanyooka. Akili yangu hakuna aliyewahi kuisifu kabla ya siku ile. Nilikwenda bafuni nikalia kwa furaha, mjinga mimi, nikanawa uso nikarudi kwenye stuli.

Tangu hapo nikawa siwezekani. Muuza nyanya wa Ukunda akisema "nyanya ni nzuri kiasi," mimi namjibu, "Sema zimeoza tatu." Jirani yangu aliniuliza kama nguo ya mwanawe ya harusi inapendeza, nikamwambia mkono wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto. Ulikuwa mfupi kweli. Jirani hakunisalimu mpaka Ramadhani. Niliwaona watu wetu kama waongo wenye adabu, na mimi peke yangu mwenye macho.

Na wakati huohuo mama yangu alikuwa kitandani Jego.

Alipatwa na kiharusi mwezi wa Desemba, upande wa kulia ukalegea wote. Kaka yangu na mkewe ndio waliokuwa wakimtunza. Mimi ni binti yake wa pekee, na kila mtu kijijini alijua mahali pangu palikuwa pale kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Niliomba ruhusa. Mzee hakukataa kwa ubaya. Alisema, "Msimu ukiisha utakwenda mwezi mzima, na gari nitakukodishia. Bila wewe mimi ni kipofu." Nami nikakubali. Ningeweza kushikilia, na angenipa, namjua. Sikushikilia kwa sababu sikutaka kuikosa hata Jumamosi moja. Huo ndio ukweli, nimeuficha muda mrefu na hapa ninauandika.

Mama alikuwa akinipigia kwa simu ya kaka. Maneno yalikuwa yanamtoka upande mmoja wa mdomo.

"Utakuja lini?"

"Msimu ukiisha, mama."

"Msimu gani huo?"

"Wa kuruka. Kuna watu wanaruka, mama, mimi ninamsimulia mzee."

"Wanaruka waende wapi?"

"Hawaendi popote. Wanaruka, wanatua."

"Na wewe usipokuwapo, hawatui?"

Nilicheka. Nilimhadithia mzee naye akacheka, tukakubaliana kwamba mama yangu ni mtu mcheshi. Hakuna aliyelijibu swali lake.

Nilikwenda kumwona mara moja tu, siku ya Jumatano, mwezi wa Januari, nikarudi kesho yake. Aliniomba nimwonyeshe hao watu wanatuaje. Nikapanda juu ya kinu, nikaruka, nikatua kwenye sakafu mguu mmoja mbele, mikono nimeitandaza. Mama alicheka kwa nusu ya uso iliyokuwa bado inacheka. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu.

Wikendi ya mwisho ya msimu iliangukia ndani ya Ramadhani. Ule ulikuwa mlima mkubwa kuliko yote, ambao watu wanapita mita mia mbili na kitu wakiwa hewani, na mzee alikuwa akiungoja tangu Novemba. Kulikuwa na mashindano ya timu Jumamosi saa sita mchana za kwetu, na ya mtu mmoja mmoja Jumapili saa hiyohiyo. Baada ya hapo ningefungasha niende. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu siku.

Jumamosi alfajiri, nimetoka tu kuswali, simu ikalia. Alikuwa kaka.

Alinisalimu. Akauliza habari ya kazi, akauliza nimefunga vipi na joto hili, akauliza kama mzee hajambo. Kaka yangu si mtu wa salamu ndefu. Simu zake huwa zimekwisha kabla hujakaa vizuri. Kisha akasema, "Mama homa imempanda kidogo. Ukipata nafasi, njoo."

Saa ile haikuwa saa yake ya kupiga simu. Salamu zile hazikuwa salamu zake. Neno "kidogo" lilikuwa pale, na "ukipata nafasi" ilikuwa pale, nzima, kama tunavyoambiana tangu babu zetu. Na mimi, jaji, nikamwuliza:

"Imepanda mpaka ngapi?"

"Nini?"

"Homa. Mmempima?"

"Hatukumpima," alisema kaka.

"Anaongea?"

"Amelala."

"Basi mpeni dawa ya homa, kaka, na mumpanguse kwa kitambaa cha maji. Kama kuna lingine uniambie wazi. Unajua mimi sasa napenda kuambiwa wazi."

Kaka akasema, "Haya. Tunakungoja."

Nilimweleza mzee. Akaniuliza kama hali ni ya hatari. Nikasema ndugu yangu ameniambia ni homa kidogo na amelala. Akasema, "Basi ni homa kidogo. Kesho mruko wa mwisho ukiisha, gari itakuwa mlangoni." Hakuwa na kosa. Alipokea alichopewa.

Mpishi wake alikuwa amesimama pale na sufuria. Mtu wa bara, wa magharibi huko, Kiswahili chake cha kurukaruka. Alinifuata mpaka uani.

"Dada, enda home."

"Ni homa tu."

"Hiyo si homa. Nikipigiwa simu kama hiyo saa kumi na moja asubuhi, mi siulizi kitu. Navaa viatu."

"Ndugu yangu angeniambia," nilimjibu, na nilimjibu kwa majivuno, kwa sababu ni mpishi na mimi ni wa sebuleni. Aliinua mabega akarudi kwenye jiko lake.

Saa sita tukaanza. Lazima niseme kwamba sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Nilikuwa nimefunga, koo kavu, lakini maneno yalikuja yenyewe. Kulikuwa na kijana mmoja wa Slovenia aliyelala juu ya hewa mpaka nikasahau kuvuta pumzi, na alipotua, mguu mbele, mikono imetanda, nikasema, "Kumi na tisa na nusu," na majaji watatu kati ya watano wakatoa kumi na tisa na nusu. Mzee alinishika mkono. Ilikuwa inakaribia saa saba.

Saa nane na nusu, katikati ya mzunguko wa pili, kaka akapiga tena. Nikatoka barazani nikanong'ona.

"Umefika wapi?" aliniuliza.

"Sijatoka, kaka. Nitatoka kesho jioni, inshallah. Homa imeshuka?"

Nyuma yake nilisikia watu wengi wakisoma Kurani pamoja. Nikajiambia ni Ramadhani, watu wamekaa kwenye darsa.

"Kaka? Imeshuka?"

"Imeshuka," alisema. "Haya, basi. Usijali. Wewe malizia kazi yako."

Nilirudi ndani nikamwambia mzee kwamba homa imeshuka. Akasema, "Unaona." Tukaendelea.

Jumapili baada ya mruko wa mwisho gari ilikuja kweli. Nilimwomba dereva asimame Ukunda, nikanunua machungwa, unga wa uji, na kipimajoto kwenye duka la dawa. Nilichagua kile cha betri kinachoonyesha mpaka nukta, nikamwambia muuzaji kwamba nyumbani kwetu watu wanasema kidogo, kidogo, na hakuna anayejua kidogo ni ngapi. Muuzaji akacheka.

Nilifika Jego karibu na magharibi. Kabla gari haijasimama niliona mikeka imetandikwa uani, wanaume wamekaa kimya, na viatu vingi mlangoni. Nikajua. Nilijua pale pale kwenye gari, yote kwa mpigo mmoja, bila njia ya kunizoesha. Nilishuka na mfuko wa machungwa mkononi na sikumbuki ni nani aliyeuchukua.

Mama alikuwa amefariki Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi. Walikuwa wamemzika Jumamosi alasiri.

Nilimkuta kaka nyuma ya nyumba anatawadha. Nilimpigia kelele mbele ya watu, na hilo nalo ni aibu yangu.

"Ungesema! Ungesema amekufa!"

"Ningekuambiaje hivyo nawe uko njiani peke yako?"

"Sikuwa njiani!"

"Mimi nilijua uko njiani," alisema. Hakupaza sauti. "Nilipokata simu alfajiri nilijua umekwisha kutoka. Watu walitaka tuzike adhuhuri. Nikawaambia dada yangu yuko njiani, ngojeni alasiri. Mpaka nilipokupigia mara ya pili nilikuwa ninadhani uko Lunga Lunga, ninataka kutuma bodaboda."

"Na uliposikia sijatoka? Mbona hukusema hata wakati huo?"

"Ili iweje? Usingewahi tena. Ungelia peke yako kwa mzungu usiku kucha." Alimalizia kunawa miguu. "Nilikuambia, dada. Nilikuambia kama tunavyoambiana. Ulitaka nitumie maneno gani?"

Nilimchukia kaka kwa muda fulani, kwa sababu mtu lazima achukie upande fulani apate usingizi. Kisha nikamchukia mzee. Alinipigia Jumatatu asubuhi kuuliza homa ya mama. Nikampa mita: "Amekufa. Usiku wa kuamkia Jumamosi. Wamezika nikiwa kwako." Akavuta pumzi. Akasema pole, kwa dhati. Kisha akasema kwamba lile halikuwa kosa langu, kwamba hawakuniambia, kwamba nisingeweza kujua.

Mpishi wake alijua. Mtu wa mbali, asiyejua hata mama yangu alikuwa na sura gani, alijua kwa kusikia mara moja. Nilikata simu na kazi ile sikuirudia. Simlaumu tena mzee. Yeye aliomba macho tu. Masikio yangu niliyatoa mwenyewe bila kuombwa.

Mchana wa Jumatatu hiyo, wanawake wamepumzika na saumu zao, mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama, alinikalisha chumbani kwenye mkeka. Yeye ndiye aliyekuwa na mama siku za mwisho. Nilimwuliza nani aliyemwosha. Akasema ni yeye na mke wa kaka. "Maji tuliyapasha mapema, tukayaacha, tukangoja wewe uje umwoshe mamako. Yakapoa, tukapasha tena. Ilipokaribia saa saba tukaona haifai kumweka zaidi."

Saa hiyo nilikuwa nimeshikwa mkono na mzee. Sikumwambia mama mdogo. Nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu nishuke garini.

"Aliniulizia?"

Mama mdogo aliinama, akaanza kuokota vijiti vya ukili vilivyokuwa vimechomoka kwenye mkeka, kimoja kimoja, akiviweka kiganjani.

"Mara moja tu," alisema. "Mara moja, mwanangu, halafu akatulia."

Nilimtazama uso wake. Alikuwa anatazama vile vijiti. Nilitaka kumwuliza ni mara ngapi hasa, na kuanzia siku gani, na kwa maneno yapi. Sikumwuliza. Niliogopa angeniambia wazi.